Mbaazi Ukumbini

L'Esterre, Kisiwa cha Carriacou, Grenada
21 Januari 2019

Shermaine,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili kwa miwani na mara ya tatu bila miwani, nione kama macho ndiyo yanayonidanganya. Hayakudanganya. Umeachana na Wilfredo tangu mwaka juzi, na mimi huku kila Jumapili nasimama kanisani nawaombea nyote wawili kwa majina, kwa sauti, mbele za watu. Mungu alikuwa ananisikiliza tu, ananionea huruma. Ungeniambia mapema ningeyapumzisha magoti yangu.

Hata kadi ya Krismasi! Ilitoka Florida, imeandikwa "Heri ya Krismasi Bibi, wako Wilfredo", basi, jina lako halimo. Nikakununia wewe. Nikamwambia dada yangu Clotilda: mtoto huyu kahama mji na mumewe, na uvivu umemshika hata jina lake ameshindwa kulitia chini ya la mume. Kumbe mume kahama peke yake akapata mwanamke mwingine, na wewe umebaki Brooklyn peke yako, kimya, kama paka aliyemeza mfupa.

Sasa unaniambia Serikali ya huko inataka kuthibitishiwa kwamba ndoa yenu ilikuwa ya kweli, si ndoa ya karatasi ya kutafutia ukaazi. Kwamba ile kadi waliyokupa ilikuwa ya muda, na ya kudumu hawatoi mpaka waridhike. Kwamba kwa kuwa mume hayupo wa kusimama nawe, watu waliowajua lazima waape. Na wakiona ni uongo watakurudisha, na hukanyagi tena huko maisha yako yote. Nimeelewa. Shule niliacha darasa la tatu, lakini sikuachia akili hukohuko.

Kiapo nimeshatoa. Kesho yake tu nilivaa gauni la kanisani nikaenda kwa Bwana Septimus, anayeapisha watu hapa kijijini. Nikashika Biblia nikasema, yeye akapiga taipu. Nimesema kweli tupu. Wala sikukuletea wewe, maana kiapo hakipitii mikononi mwa mwenye kesi. Ile nakala ya barua ya uhamiaji uliyoniwekea ina anwani na namba ya jalada lako. Nimeziandika juu ya bahasha kwa mkono wangu na kumpelekea ofisa mwenyewe, kwa rejista.

Usinipigie simu. Sikio la kushoto limekufa na la kulia linasikia linalotaka. Andika.

Na ule. Mwandiko wako ni wa mtu asiyekula.

Bibi yako,
Ianthe Cudjoe


Brooklyn
18 Februari 2019

Bibi,

Shikamoo. Leo wakili wangu amenisomea kiapo chako, maana ofisa ametutumia nakala yake pamoja na barua nyingine. Naandika haraka, usinisute kwa mwandiko.

Bibi, umeapa kwamba mimi na Wilfredo tulioana Jumatatu ya Pasaka, uani kwako, kwa bendera na keki. Lakini ofisa anacho cheti cha manispaa cha mwaka uliotangulia, na anajua kadi yangu ya muda ilitolewa kabla ya Pasaka hiyo. Kwa maneno yako, basi, nilipewa kadi ya mke kabla sijawa mke. Kisha ukaongeza, na sijui nani alikuuliza, kwamba siku za mwanzo nyumbani kwako tulilala vyumba viwili mbalimbali, "kwa sababu walikuwa hawajaoana".

Wakili aliweka karatasi mezani akavua miwani. Akasema, "Dada, kazi hii nimeifanya tangu nina nywele. Sijapata kuona ndugu wa mteja wangu akiiandikia Serikali kwamba wanandoa hawakulala pamoja."

Nimeitwa kwenye mahojiano tarehe 29 Aprili. Barua ya ofisa inasema nije na maelezo kwa nini familia yangu yenyewe haiitambui ndoa yangu.

Unamkumbuka yule baba wa Honduras niliyekuwa nakuandikia habari zake, wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akipiga filimbi ngazini? Alitoka kwenda kazini hakurudi. Gari lake lilikaa barabarani likijaa karatasi za faini kwenye kioo mpaka likaja kuvutwa. Mkewe hafungui mlango kwa mtu. Nami nimeanza kulala na viatu miguuni. Nimepanga mfuko nikauweka mlangoni: nguo, vyeti vyangu vya chuo cha uuguzi, picha ya mama. Nimebakiza muhula mmoja nimalize, Bibi. Mmoja. Wakiniandika kwamba nilidanganya, jina hilo halifutiki, hata nikiomba kuja kuzika mtu.

Nakuuliza jambo, na usikasirike. Ulifanya makusudi, ili nirudi?

Mjukuu wako,
Shermaine


L'Esterre
1 Machi 2019

Wewe Shermaine,

Nimekasirika. Ukimwambia mtu asikasirike ujue umeshamkasirisha.

Makusudi! Mimi? Ningetaka urudi ningekuandikia neno moja: Rudi. Umewahi kuniona nashindwa kusema neno? Marehemu babu yako nilimwambia mbele ya posa kwamba kofia yake inanuka samaki. Mkuu wa shule nilimwambia ana kichwa cha mbuzi. Sasa nikutege wewe, niliyekulea tangu mama yako anafukiwa, kwa kupitia mlango wa Serikali ya watu?

Nilisema kweli. Karatasi ya manispaa si harusi. Karatasi hata mbwa ana yake, ya chanjo. Harusi ni keki kuchezwa kichwani na bendera mbili kupambana uani, ya mke na ya mume, watu wote wakitazama. Hivyo ndivyo alivyoolewa mama yangu na mama yake. Mlipokuja mmeshika karatasi mkiniambia "tayari tumeoana Bibi", niliwaambia mmeandikishwa, hamjaoana. Nikatandika vitanda viwili, kila mtu chumba chake. Na katikati, ukumbi mzima nikautandaza mbaazi kavu, mlango hadi mlango, ili atakayevuka nimsikie. Bado ni nyumba yangu.

Nani aliwaoza? Mumeo alikuja hana mtu. Mama yake marehemu, baba hajulikani, ndugu wote wako Puerto Rico. Bwana harusi asiye na wa kumshikia bendera! Watu walishaanza kunong'ona. Nikachukua shuka langu jeupe, nikalitia utepe mwekundu, nikalifunga kwenye mti, nikaingia uwanjani kumpigania yeye, dhidi ya dada yangu mwenyewe aliyeshika bendera yako. Tulisukumana mpaka Clotilda akaanguka akaumia goti. Hajanisamehe. Bendera ya mume ikabaki juu kama inavyotakiwa. Sasa mtu aniambie familia yako haikuitambua ndoa!

Lakini sikujua. Nalisema hili mara moja tu. Sikujua kwamba kwao huko ndoa hupimwa kwa vitanda. Nilidhani ofisa akijua nilivyokuchunga atasema, huyu ametoka nyumba ya heshima. Nilisema nilichotandika. Vitanda viwili nilivitandika kwa mkono huu.

Vua viatu ulale. Mtu akija kukuchukua atasubiri uvae.

Nipe anwani ya Wilfredo. Ile ya kwenye bahasha ya Krismasi ninayo, lakini nataka kujua kama ndiyo.

Bibi yako


Brooklyn
12 Machi 2019

Bibi,

Nisamehe neno langu la makusudi. Lilitoka usiku na nililiandika asubuhi.

Tafadhali usimwandikie Wilfredo. Nakuomba kama ninavyoomba kanisani. Wakili ameshamwandikia mara mbili hajibu. Ana mke sasa, anaitwa Maribel, na wanatarajia mtoto. Akikasirika anaweza kusema lolote. Akisema tu "ilikuwa ya karatasi" basi nimekwisha, hakuna wa kuniuliza tena. Hivi alivyo kimya ni afadhali.

Wakili anasema maelezo yangu mwenyewe hayana uzito, kwa kuwa kila anayedanganya hujieleza vizuri. Bili za umeme tunazo, picha tunazo, mkataba wa nyumba tunao. Anasema hivyo vyote watu hutengeneza. Kinachoangaliwa sasa ni kiapo chako.

Jana kazini, kwa yule mama mzee ninayemhudumia, kengele ya mlango ililia nikajificha jikoni. Alikuwa mtu wa kuleta dawa. Mama mzee akaniuliza, "Unadaiwa na nani?" Nikacheka. Halafu nikashindwa kuacha kucheka, mpaka akaogopa yeye.

Kuhusu ukumbi, Bibi, sina la kusema.

Shermaine


L'Esterre
22 Machi 2019

Kwa Wilfredo Arce,

Huyu ni Ianthe Cudjoe, bibi yake Shermaine. Usiifiche barua hii chini ya mto. Msomee na mkeo, maana sina siri na mume wa mtu.

Kwanza, hongera ya mtoto anayekuja. Pili, una adabu ya kuku. Unanitumia kadi ya Krismasi na malaika wa kung'aa, na miaka miwili huniambii umemwacha mtoto wangu! Nilikuwa nakuombea ndoa idumu, na wewe unalamba stempu.

Sikuandikii kukurudisha. Maji yakishamwagika hata mimi siyazoi. Nakuandikia kwa haki nyingine. Siku ile uliposimama uani kwangu na koti la kuazima, huna baba huna shangazi, mimi ndiye niliyekushikia bendera. Nilimwangusha ndugu yangu wa tumbo moja kwa ajili yako. Kwetu aliyekushikia bendera ndiye mzazi wako, na karatasi ya talaka haina uwezo juu ya hilo. Umemwacha mke, mimi hujaniacha. Hukunioa.

Shermaine ataitwa mbele ya ofisa mwisho wa Aprili. Wanasema ndoa yenu ilikuwa ya kuigiza. Analala na viatu. Mimi silali kabisa, lakini mimi ni mzee, usingizi ulishazoea kunikosa.

Wakili amekuandikia hukujibu. Sikwambii useme nini. Ukisema ninayokwambia mimi itakuwa ni mdomo wangu. Sema ulichoishi. Kama uliigiza, basi sema uliigiza, na Mungu akuonyeshe njia ya kutokea. Kama hukuigiza, chukua kalamu. Unaendesha basi la watu sitini, hushindwi na kalamu.

Aliyekushikia bendera,
Ianthe Cudjoe


Orlando, Florida
2 Aprili 2019

Bibi Ianthe,

Shikamoo. Barua yako niliipokea nimesimama, nikaisoma nimekaa.

Nimemsomea Maribel kama ulivyoamuru. Yeye ndiye aliyeniambia nisiwajibu wanasheria, usimlaumu, alikuwa ananilinda. Mwenzangu mmoja kazini alituambia kwamba ofisa akiamua ndoa ilikuwa ya uongo, mume naye ana kosa, anaweza kufungwa. Na mtoto anazaliwa mwezi ujao. Maribel akasema, "Mzinga wa nyuki umetulia, wewe unauchokoza wa nini?" Nikanyamaza. Nimekuwa naogopa kila bahasha, Bibi. Hata yako niliigeuza mara mbili kabla ya kuifungua.

Hatukuigiza. Unataka kujua kwa nini niliondoka? Mimi nilikuwa zamu ya usiku, yeye ya mchana na jioni chuo. Tulipokezana kitanda kama walinzi. Anatoka, naingia. Ilifika siku nikatambua kwamba nalijua joto lake kwenye shuka kuliko ninavyoijua sura yake. Hatukugombana. Tulikosa tu mahali pa kukutana. Nilipopata kazi huku nilimwambia twende. Akasema chuo. Nikaja peke yangu, na upweke ukafanya unachofanya. Aibu ni yangu. Lakini uongo haukuwepo.

Sasa kuna jambo ambalo sijui kama unalijua, na naliandika nikiwa mbali kilomita nyingi na fimbo yako.

Nilivuka.

Zile mbaazi zako, siku ya pili tu. Nilivua viatu na soksi nikadhani nitapita kama paka. Bibi, kila punje ilipasuka kama fataki! Shermaine alikuwa ameuma mto asicheke. Nilifika ng'ambo nyayo zinawaka moto. Alfajiri nikarudi tena juu ya mbaazi zilezile. Halafu asubuhi ukatupikia mbaazi na wali, ukanijazia sahani mimi, ukasema, "Kula baba, za leo zimekuja zimeshasagwa nusu." Sikuinua kichwa. Mpaka leo najiuliza: ulijua?

Yote hayo nimeyaandika, na kitanda cha zamu nimekiandika, nimeyaapia. Bahasha iko mfukoni mwa koti langu la kazi. Kila siku napita mbele ya posta nikiendesha basi, na basi halisimami pale.

Mtoto wako wa bendera,
Wilfredo


L'Esterre
12 Aprili 2019

Shermaine,

Nimemwandikia. Ulinikataza, nimesikia, nimemwandikia. Amejibu. Hana ubaya na wewe. Ana woga, kama wewe, kama mimi. Ameandika yaliyo kweli, lakini hajaituma. Anayo mfukoni. Nimemjibu mstari mmoja: Simamisha basi.

Kama ataituma sijui. Ndiyo maana sikumngoja.

Leo nimerudi kwa Bwana Septimus. Nimemwambia kiapo cha kwanza kina mkia uliobaki. Nikamwambia aandike: kwamba asubuhi ya siku ya tatu nilikuta mbaazi zangu zimepondwa, njia ya nyayo kubwa kutoka chumba cha mume hadi cha mke, na kurudi. Kwamba nilijua. Kwamba nilizizoa, nikazipepeta, nikazipika, nikamlisha mwenyewe aliyeziponda, nikanyamaza, kwa sababu nilimwona mumeo mezani ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva, na wewe unamsugua unyayo kwa unyayo chini ya meza ukidhani sioni. Nikasema moyoni, hawa karatasi yao imeshika.

Bwana Septimus akaacha kupiga taipu. "Mama Ianthe, unataka niandike kwamba katika nyumba yako, wewe mkuu wa akina mama wa kanisa, kabla ya bendera..."

"Andika."

"Na Mchungaji akisikia?"

"Mchungaji ana watoto saba. Aliwapata kwa kuimba?"

Akaandika. Hakucheka mpaka nilipofika getini. Kufikia jioni Clotilda alikuwa ameshajua, akaja na goti lake, akaniambia, "Kumbe ulipigania bendera ya mtu aliyekwisha shinda." Nimeyavumilia. Na mengine yatakuja Jumapili.

Nilipokataa kuyasema hayo mara ya kwanza nililinda jina langu. Kwa hesabu zangu, nyumba yenye heshima ilikuwa ndiyo zawadi kubwa niliyoweza kukupa mbele ya wageni.

Lakini sikiliza. Posta inafungwa Ijumaa Kuu mpaka Jumanne, na boti ya Grenada wiki hii ni mbovu. Msichana wa posta ameitazama bahasha akanitazama mimi akasema, "Bibi, kwa Pasaka hii, sikuahidi." Nimeogopa, Shermaine. Kimbunga kiliponichukulia paa sikuogopa hivi, maana kimbunga nilikiona kinakuja na nguzo ya kushika nilikuwa nayo. Hapa sina pa kushika. Nimekituma kiapo kwa wakili wako safari hii, nakala yake nimeiweka humu. Ikichelewa, ikichelewa sana, usije ukanifanya mimi mkweli na wewe ukazama. Umesikia? Sema vyovyote itakavyokuokoa. Sema bibi yako ni mzee, akili zinakwenda na kurudi. Nitakubali.

Bibi yako


Brooklyn
30 Aprili 2019

Bibi,

Barua yako haijafika. Naandika hii bila kujua umeniandikia nini mwezi huu, au kama umeniandikia.

Jana nilikwenda. Mfuko nilikwenda nao, wakili akaniambia niuache kwake, usionekane. Ofisa ni kijana, alikuwa na mafua, anapenga kila dakika. Mezani ana jalada langu, nene kuliko Biblia yako.

Aliuliza mengi. Rangi ya pazia, jina la mwenye nyumba. Kisha akauliza, "Wewe ulikuwa unalala upande gani wa kitanda?"

Wakili alikuwa amenifundisha niseme upande wa ukuta. Ulimi ukakataa. Nikasema, "Hatukuwa na upande. Tulipokezana. Akitoka naingia."

Akainua macho kwa mara ya kwanza. Akafunua karatasi.

"Bibi yako ameapa kwamba mlilala vyumba viwili. Alidanganya?"

Bibi, hapo nilikufa. Nikisema tulilala pamoja, nimekufanya wewe mwongo, uliyeshika Biblia. Nikisema tulilala mbalimbali, nimejinyonga. Wakili akakohoa. Nilikuona kabisa umesimama mlangoni kwako na ufagio wako.

Nikasema, "Hakudanganya. Alitandika vitanda viwili."

"Na katikati ya vyumba kulikuwa na nini?"

Sikuelewa kwa nini anauliza. Nilijua ni mtego, lakini sikuona kamba yake iko wapi. Nikasema, "Mbaazi."

Akaacha kuandika. "Endelea."

Basi nikaendelea. Nikamwambia yote, fataki, mto, sahani. Sikumtazama, nilitazama mikono yangu, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayejishtaki. Nilipomaliza akavuta karatasi nyingine kutoka chini ya jalada. Niliujua mwandiko kabla sijasoma jina. Imefika Ijumaa, kutoka Florida. Alikuwa anafuatisha kwa kidole mstari kwa mstari wakati mimi nasema, na mimi sikujua.

Akauliza la mwisho. "Bibi yako alijua?"

Nikasema, "Sijui. Hajawahi kusema."

Akaandika hilo pia. Akapenga. Akasema, "Utaandikiwa." Hakutabasamu, Bibi. Wakili anasema nimefanya vizuri, lakini wakili hulipwa kusema. Wakati wa kutoka, kwenye korido, kulikuwa na mwanamke anasindikizwa na watu wawili na mtoto wake anauliza, "Tunakwenda wapi? Mama, tunakwenda wapi?"

Nimerudi nyumbani. Mfuko uko mlangoni. Nimelala na viatu.

Bibi, ulijua?

Shermaine


Brooklyn
24 Juni 2019

Bibi,

Barua yako ya Aprili ilifika katikati ya Mei, imelowa pembeni, imegongwa mihuri mitatu. Kiapo cha pili wakili alikipeleka mara moja. Nilikisoma nimesimama ngazini. Nilipofika pale penye unyayo chini ya meza, nilikaa.

Kisha kimya. Wiki juu ya wiki. Nilifanya mtihani wangu wa mwisho huku nikisikiliza viatu vya watu ukumbini.

Alhamisi ikaja bahasha ya Serikali. Niliiweka mezani. Nikapika, nikala, nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nikaenda kubisha kwa yule mke wa baba wa Honduras. Nilibisha nikisema jina langu, akafungua kidogo. Nikamwambia, "Dada, nifungulie hii." Akanisomea yeye. Alisoma polepole, kisha akanishika mkono, na yeye ndiye aliyelia.

Nimepewa, Bibi. Ya kudumu.

Nilidhani nitaruka. Sijaruka. Jana kengele ya jirani ililia nikajikuta jikoni, nyuma ya mlango, nimebana pumzi. Viatu bado nalala navyo. Mfuko najaribu kuufungua, nafika kwenye zipu, mikono inakataa. Najiambia kesho.

Shermaine


L'Esterre
5 Julai 2019

Mjukuu wangu,

Nimepiga magoti, nimeshukuru, nimeinuka kwa kushika kiti. Clotilda amelia kunizidi mimi, na bado anadai goti.

Wilfredo amepata mtoto wa kike. Ameniletea picha, na chini ameandika kwamba basi lilisimama palipokatazwa, akapewa onyo na mkubwa wake. Nimemjibu kwamba mtoto ana masikio yake, maskini, na kwamba akiolewa ajue mshika bendera anazeeka.

Uliniuliza kama nilijua. Kiapo umekisoma. Usiniulize tena, nimeshalisema mbele ya Bwana Septimus, na kijiji kizima kimelila na kulimaliza. Jumapili ile Mchungaji alihubiri habari za nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Nilimkazia macho mpaka akaruka aya.

Sasa huo mfuko. Usiufungue. Ulipangwa kwa ajili ya kuletwa kwangu, basi uletwe. Ongeza gauni moja la kanisani na cheti chako cha uuguzi, nikipeleke nikamwonyeshe mkuu wa shule, kama bado anaona. Panda ndege kwa miguu yako, mchana, na kadi yako mkononi, uje ule, unenepe, kisha urudi kazini kwako kwa mlango uleule uliotokea. Mtu aliyepewa mlango lazima aupite kwenda na kurudi, la sivyo hawezi kuamini kwamba ni wake.

Chumba nimekitandika. Kitanda kimoja. Mbaazi za mwaka huu nimezianika nje, juu ya bati. Ukumbi nimeufagia, hauna kitu.

Viatu utavivulia hapa.

Bibi yako,
Ianthe Cudjoe